Ofisi ya Ng'ambo ya Barabara

Mpaka leo Fundi Saa hajajua ofisi ya binti yake ilikufa kwa ugonjwa gani. Ilikuwa ng'ambo ya barabara, ikitazamana na benchi lao la kahawa: jengo la vioo lililofunguliwa baada ya wafadhili kutishia kukata misaada mpaka wala rushwa washtakiwe. Binti alikuwa mpelelezi humo. Asubuhi ya siku ya mwisho alimpigia baba yake simu: wakubwa wako kikaoni, huenda ofisi ikafungwa, na kesi yake ya dawa zilizoibwa hospitali haijafika mahakamani.

— Huko kwa wafadhili wamebadilisha viongozi, alisema Profesa, mwalimu mstaafu. Hawa wapya rushwa yetu haiwahusu.

— Acha hizo, Prof! Bondia, muuza matairi, alipuliza kahawa yake. Wale walitaka wezi wa kupiga nao picha. Kila wakija, serikali inawakamatia mmoja. Sasa wezi wadogo wamekwisha, wamebaki wenye nyumba, wakubwa wenyewe.

— Mwizi wa dawa ni rafiki yao hao hao wafadhili, alidakia Mama Kahawa. Dawa zinarudi kwao, zinabandikwa karatasi mpya, tunaletewa tena kama msaada!

Wakacheka, isipokuwa Fundi Saa.

— Nyie chekeni tu. Mwanangu hata usingizi hapati.

— Pole, ndugu yangu, alisema Profesa. Lakini sisi tungefanya nini?

Mama mmoja mgeni, aliyeketi pembeni na kikombe chake, akauliza kwa upole:

— Samahani, baba zangu. Hapo ndani watu hupokelewaje? Nina malalamiko ya kiwanja changu.

Wakatazamana.

— Mimi sijawahi kuingia, alisema Bondia, ambaye leseni ya duka huipata kwa kutoa chai kila mwaka.

— Hata mmoja wenu?

Profesa akakoroga kahawa isiyo na sukari. Fundi Saa alikuwa amevuka barabara ile mara nyingi kumpelekea binti chakula, akaishia getini. Taarifa zote binti aliziandika kwa lugha ya wafadhili, maana ndio pekee waliokuwa wakiuliza. Hata yeye, baba mtu, hakuwahi kumwomba amsomee moja.

Adhuhuri kikao kiliamua ofisi ifungwe, na majalada ya dawa yarudishwe wizarani, kwa wale wale waliokuwa wakichunguzwa. Aliyeyabeba hadi kwenye gari ni binti yake, kwa kuwa ndiye aliyejua yalipo.