Option ya Alima

Jumamosi asubuhi umeme ulikatika upande mmoja wa barabara, na benchi la mbele ya karakana ya fundi cherehani Moussa, hapo Kamalondo, likajaa kabla kahawa ya mzee Sudi haijachemka. Kwenye nguzo zinapita nyaya tatu zinazoitwa phase. Moja ikifa, kila mtu anahamishia nyumba yake kwenye iliyo hai, na maisha yanaendelea. Moussa alikunywa kahawa bila kuisikia ladha. Binti yake Alima alikuwa ndani akingoja neno lake. Jumamosi iliyopita wahandisi wanawake, ingénieurs, walikuja lycée, shule ya sekondari ya Alima, wakawapa wasichana mota ya pampu waifungue na kuifunga mpaka ikazunguka. Leo basi lilikuwa linawapeleka wasichana kwenye karakana ya wahandisi hao, na huko wanaandikishwa wanaotaka option, yaani mchepuo, ya umeme. Moussa alitaka Alima achukue ushonaji, arithi karakana. Kusema kweli alikuwa anaogopa umeme, na benchini alikuja kutafuta wa kumuunga mkono. Akawapata kupita kiasi.

— Mutoto mwanamuke na courant ya umeme, apana! akasema Laurent, aitwaye Docteur kwa ajili ya miwani yake tu. Banavaa mèches mu nywele. Courant inarukia mu kichwa.

— Mèches ni plastique, Docteur. Plastique haishike courant.

— Ya siku hizi inashika!

Aliyembishia ni Mutale. Jina lake la benchini ni Délestage, yaani mgao wa umeme, maana umeme ukikatika tu, yeye huyo, na kandambili za mpira na mpini mkavu wa fagio, tayari kuhamisha nyaya za watu.

— Mi naogopa kintu ingine, akasema. Ataolewa. Siku moya bwana yake anachelewa ku bière. Bibi anamukatia courant! Télé, frigo, yote. Muntu analala mu giza sawa kuku.

— Na match ya mpira iko! Docteur akashika kichwa.

Mzee Sudi akaweka birika chini.

— Munachekesha. Akijua courant, atajua compteur, ile inahesabu courant. Akijua compteur, atajua waya zote tunachomeka ya kuficha. Polisi batafunga bantu ya quartier muzima!

— Kisha yeye na benzake batashika mine yote ya shaba mpaka Kipushi, Docteur akazidisha. Sisi banaume tutabakia na kazi gani? Kushona!

Wakacheka mpaka benchi likayumba. Moussa hakucheka.

— Mi nashona, akasema. Iko mubaya?

Docteur akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa chafu.

— Apana, Moussa, weye ni... weye ni fundi.

Ilimuuma. Amelisha nyumba nzima kwa sindano, na hawa ndio aliotaka wamshauri kuhusu mtoto wake.

— Basi niache nikuhamishie waya, akasema Mutale kuokoa hali. Banguo ya harusi inakungoja.

Akapanda kwenye kiti na fagio lake. Hapo Alima akatoka na mfuko begani. Wasichana huwa wanalipita benchi lile haraka, macho chini. Yeye akasimama.

— Salam aleikum, ba papa. Papa Mutale, unapeleka atelier ya papa ku phase gani?

— Ku ile inawaka!

— Manyumba ngapi iko juu yake tayari?

Mutale akabaki na fagio hewani. Akamtazama Docteur. Docteur akamtazama Sudi.

— Kuko moulin ya unga ya Mama Bijou, Sudi akaanza.

— Ile ilihamaka tarehe kumi na tano ya mwezi, akasema Docteur. Ao ni salon ya nywele?

— Salon mi nilihamisha, Mutale akanung'unika. Lakini ku gani...

Kila Jumamosi waliuhamia waya ulio hai, na kila Jumamosi nao ukafa kabla ya adhuhuri, wakasema ni wivu wa mtaa wa pili. Hakuna aliyewahi kuhesabu nyumba zilizoulemea.

— Weye unajua? Docteur akamgeukia binti, kwa ukali kidogo.

— Apana, Papa. Sijue. Njo maana naenda.

Alisema hivyo bila aibu hata chembe. Moussa akasikia hofu yake inamwachia, na mahali pake inaingia fahari, kubwa, karibu imtoe machozi mbele ya watu.

— Shuka, Mutale, akasema. Usiguse kintu. Banguo nitashona na machine ya miguu.

Akauchukua mfuko wa binti yake, akauvaa begani mwenyewe.

— Twende, mama. Basi isikuache. Bakikuuliza option, sema courant. Sema papa yako anajua.

Wakashuka barabara pamoja. Nyuma yao ubishi ulikuwa umewaka upya, vidole vinahesabiwa, majina ya majirani yanatajwa na kufutwa.

— Moussa! Docteur akapiga kelele. Na nyumba yako iko ku phase gani?

— Sijue! Moussa akajibu bila kugeuka. Mungojee ingénieur arudie!