Zamu ya Wandel

Benchi la mbele ya duka la Tinita, mjini San Pedro de Macorís, lilivunjika mguu mmoja zamani, na mahali pa mguu waliweka kreti la soda. Kila alasiri Tinita huchemsha kahawa, tamu ya kuumiza meno, akaipitisha dirishani kwa vikombe vidogo vya plastiki. Wanywaji ni walewale. Kuna Redio, ambaye jina lake Confesor hulitumia mama yake peke yake. Habari zote humfikia yeye kwanza, na nusu ya habari hizo huwa sahihi. Kuna Shoto, aliyekuwa akirusha besiboli kwa mkono wa kushoto huko Florida mpaka kiwiko kikamsaliti, akarudi nyumbani kufundisha watoto wa mtaa. Na kuna Leocadio, fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha sukari, ambaye Shoto alimfundishia mwanawe Wandel kurusha. Kwa kawaida Leocadio ndiye huwamaliza wenzake kwa maneno. Siku hiyo kahawa yake ilikuwa inapoa mkononi. Orodha ilikuwa imetoka asubuhi, ile ya chipukizi thelathini bora wa timu ya ng'ambo iliyomchukua Wandel, wale ambao bado wako ligi ndogo wakisubiri kupanda. Mwaka jana Wandel alikuwa wa kumi na moja. Mwaka huu hakuwemo.

— Soma tena, Redio, alisema Leocadio. Labda wamekosea kuandika jina.

— Kaka, nimeshasoma mpaka macho yanauma. Wa kwanza ni yule mdakaji wa Venezuela. Wa thelathini ni katoto kalikosajiliwa juzi, hakajacheza hata mechi moja. Wandel hayumo.

— Anza chini, uje juu.

— Nikianzia chini ndiyo atazaliwa humo?

Shoto alitema mate pembeni.

— Orodha gani hiyo! Mtu amekaa ofisini kwenye kiyoyozi, uwanja wa vumbi haujui, halafu anatupangia watoto wetu nani mbele nani nyuma. Mimi wakati wangu waliniweka wa tano. Wa tano, jamani! Aliyekuwa wa nne yuko wapi leo? Anaziba pancha njia ya kwenda La Romana. Na aliyekuja kuwa nyota kweli kweli hakuwemo hata kwa bahati mbaya.

— Kwa hiyo ni uongo? aliuliza Leocadio, na sauti yake ilipanda kidogo.

— Uongo mtupu.

— Acha zako, Shoto, alisema Redio. Mwaka jana walipomweka wa kumi na moja si uliikata gazetini ukaibandika ukutani kwako? Ipo mpaka leo, juu ya kitanda.

— Mwaka jana walikuwa wanajua kazi yao.

— Mwaka huu wamesahau?

— Watu hubadilishwa kazini, bwana. Usinichoshe.

Leocadio alijaribu kucheka, kicheko hakikuja. Redio akamsogelea, akamgonga bega.

— Sikiliza nikwambie, kaka. Hii orodha ni ya wanaosubiri, si ndiyo? Akishapandishwa timu kubwa mtu hutolewa. Hasubiri tena! Mtoto amepandishwa, wewe umekaa hapa unanuna.

— Ana miaka ishirini, we Redio, alisema Shoto. Ana ngazi tatu mbele yake.

— Wamemrusha ngazi.

— Wamemrusha ngazi bila kumwambia baba yake?

— Wanataka kumshtukiza.

Tinita alitoa kichwa dirishani, kijiko mkononi.

— Mmemaliza? Mtoto ameuzwa. Wamempeleka Japani. Jina hufutwa kwanza, familia huambiwa baadaye ili wasipige kelele.

— Japani akafanye nini, Tinita?

— Arushe! Kwani Wajapani hawana mikono ya kudakia?

— Mama wee, alisema Leocadio. Japani.

— Au jicho la husuda, aliendelea Tinita, maana akianza hana breki. Nilikwambia mtoto asipande ndege bila ushanga mweusi. Mwaka jana picha yake ilitolewa gazetini, watu wangapi waliitazama? Wote wana macho mazuri?

Hapo Redio alishusha sauti, akatazama nyuma yake.

— Kuna jambo jingine. Mimi sipendi kulisema.

— Basi usiseme, alisema Shoto.

— Wapelelezi wa umri. Wiki iliyopita wameonekana hospitali, wawili, wana viatu vizuri, wanafukua vyeti vya kuzaliwa. Wakigundua mtoto anatumia cheti cha mdogo wake, jina linafutwa siku hiyohiyo.

Leocadio alisimama, kahawa ikammwagikia suruali.

— Cheti cha mwanangu ni safi! Nilikuwepo! Nilimbeba mwenyewe, bado ana damu!

— Najua, kaka. Mimi najua. Je, wao wanajua?

Leocadio akakaa. Hofu ilikuwa imemshika tangu asubuhi, na kila mmoja wa rafiki zake, kwa mapenzi kabisa, alikuwa akiichochea. Hakuiogopa Japani wala wenye viatu vizuri. Aliogopa barabara ya nyuma. Mtaa mzima unawajua vijana walioachwa na timu: hushuka basi kubwa mbali na kwao, hungoja giza kwenye kituo cha mafuta, halafu huingia kwa barabara ya nyuma na begi la timu begani, ili asitokee mtu wa kuwauliza habari za huko. Shoto aliingia hivyo. Alikaa ndani kwa mama yake muda mrefu mpaka watu wakadhani ni mgonjwa, na hata sasa hakuna anayemtania kwa hilo.

Akatoa simu mfukoni.

— Nampigia.

— Leo? walisema wote watatu kwa pamoja.

— Una wazimu? alisema Shoto. Leo zamu yake!

Leocadio aliishusha simu. Mrushaji huanza mechi kila baada ya siku tano, na siku ya zamu hapigiwi simu kutoka nyumbani, isije ikamletea nuksi. Ndivyo ilivyo mtaani kwao, kwa kila nyumba yenye mrushaji. Tinita siku hiyo hafagii kizingiti, na mama yake Wandel hapiki maharage. Zamu ikishapita kijana hupiga mwenyewe, kama ameshinda. Akishindwa hunyamaza, hungoja zamu nyingine, na nyumbani nao hunyamaza ili wasimwaibishe. Wandel alikuwa hajapiga tangu kabla ya mvua. Mechi za ngazi yake hakuna anayezitangaza. Basi benchi lilikuwa limekubaliana kwamba kijana anapoteza mechi, anaona aibu, na aachwe.

Pembeni alisimama mwanamke mwenye bakuli la mayai. Alikuwa Nereida, mshonaji aliyehamia kutoka Azua mwezi ule, mtu ambaye besiboli haikumhusu, jambo la nadra kwenye mtaa huo.

— Samahani, alisema. Nani kawaambia leo ni zamu yake?

— Inahesabika, dada yangu, alisema Redio kwa upole wa mwalimu. Unahesabu kutoka zamu ya nyuma.

— Hiyo ya nyuma nani aliiona?

— Hiyo... Shoto ndiye alisema.

— Mimi? alisema Shoto. Wewe ndiye uliyeleta habari hapa! Ulisema amerusha, amefungwa.

— Mimi nilisikia kwa Tinita.

— Kwangu? alisema Tinita. Mimi nilimsikia Leocadio akihesabu kwa vidole.

Wakamgeukia Leocadio. Leocadio alivitazama vidole vyake. Alikuwa amehesabu kutoka zamu aliyoihesabu mwenyewe, nayo aliihesabu kutoka nyingine, na huko nyuma kabisa hakukumbuka aliyemwambia chochote.

Safari hii Leocadio alipobonyeza simu hakuna aliyemzuia. Ilikuwa saa kumi, saa ambayo mrushaji wa zamu yuko uwanjani na simu yake imefungiwa kabatini. Simu ilipokelewa mlio wa kwanza.

— Papi.

Nyuma ya sauti ya Wandel hapakuwa na uwanja wala vicheko vya wenzake. Palikuwa na runinga tu, kwa sauti ya chini, kama chumbani kwa mtu aliyelala mchana. Shoto alisikia, maana alikuwa ameinama karibu na simu. Mkono wake wa kulia ukapanda wenyewe, ukashika kiwiko cha kushoto.

— Mwanangu, alisema Leocadio.

Kijana akavuta pumzi, na alipoongea sauti ilikuwa ya mtoto.

— Papi, nani kawaambia wameniacha?

— Hakuna aliyetuambia, mwanangu. Niambie wewe.