Kila Mtu na Kofi Lake

Basi la Nausori lilikuwa limekaribia Suva, na nesi Vaciseva bado anabishana na jirani yake wa kiti, Masta Ramsami, mwalimu mstaafu aliyeanza kuisahihisha insha yake ya mazoezi ya mtihani wa Kiingereza bila kuombwa.

"Binti, hiki kineno kinachofuata kitenzi umekirudia. Vitenzi vyako viwili vinaweza kukichangia."

"Masta, tukikaa mkekani kunywa kinywaji chetu cha yaqona, kila anayepokea kifuu hupiga kofi lake la heshima. Nani amewahi kupigiwa na jirani?"

"Ule ni mkeka, huu ni mtihani! Ukifeli tena, hospitali ya Auckland itakungoja mpaka lini?"

Hapo alimgusa penyewe. Vaciseva akakifuta kineno kimoja, akaona kitenzi kimebaki kama yatima, akakirudisha.

"Mwaka huu nafaulu, Masta. Na vineno vyangu vyote."

"Mkaidi wewe!" Lakini mzee akampa kalamu yake nzuri.

Vaciseva akavuta kamba ya kengele, basi likasimama. "Asante, Masta. Asante, dereva."

"Asante moja ingetutosha sote!" Masta akapaza sauti dirishani.

Vaciseva akageuka, kicheko kimemjaa. "Haya, niiondoe ya nani?"

"Yangu usiiguse!" akadakia dereva.