Pazia la Chumba cha Uchunguzi

Risala ya wahitimu wa Chuo cha Uuguzi Mwansekela, iliyosomwa na Anyitike kwa niaba ya wenzake

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi mlioacha baridi ya Itumba na mlioacha joto la Momba: mikono tunayowapa leo tumeinawa kwa sabuni, maana hilo ndilo somo la kwanza tulilofundishwa hapa. Karibuni sana.

TULIKOTOKA

Chuo chetu ni kichanga. Darasa letu la kwanza lilikuwa ghala la kahawa. Humo tulijifunza kumkagua mtu toka utosini hadi unyayoni: kuitazama ngozi, kulishika sikio, kuchungulia pua, kusema "fungua kinywa, sema aaa." Tulikaguana wenyewe kwa wenyewe mpaka kila mmoja akayajua magego ya mwenzake. Darasani ilikuwa kicheko. Kisha tukapelekwa mazoezini Tunduma, kwenye kituo cha afya kilicho jirani na foleni ya malori, na kicheko kikaisha.

MAFANIKIO

Wengine hapa hutaja ufaulu. Sisi tumekubaliana kumtaja mwenzetu Fides, binti wa wakulima wa milima ya Ileje, na mama mmoja tutakayemwita Elizabeti. Jina hilo si lake, ila yaliyompata ni yake, na ametupa ruhusa tuyaseme.

Mama Elizabeti ni wa Ivuna, kazi yake kuchemsha maji ya chumvi. Alikuja Tunduma kumwona binti yake aliyeolewa pale, akaletwa kituoni mkono umeviringishwa kitambaa. Alikuwa ameungua na sufuria ya chumvi. Fides alipoanza kusafisha jeraha alijiandaa kusikia kilio, kwa jinsi lilivyochimbika. Mama yule akawa anasimulia habari za mjukuu wake aliyeota jino. Hakukunja hata uso.

"Mama, hapa husikii maumivu?"

"Nisikie nini, mwanangu? Mkono huu umekufa ganzi siku nyingi. Kazi imeuchosha."

Fides akamtazama upya. Nyusi zilikuwa zimepukutika kwa pembeni, ndewe za masikio zimenenepa na kung'aa. Akaomba aone mgongo. Sasa, mgeni rasmi, chumba kile ni kimoja kwa wote, na mlango wake hauna komeo. Kwenye benchi alikuwa amekaa mkwewe, mume wa binti yake, aliyemsindikiza.

"Nivue nguo mbele ya mkwe?" mama akasema. "Labda mnizike kwanza."

Akajifunga kitenge chake vizuri, akashukuru kwa bandeji, akaondoka.

Fides hakutulia tena. Anaanza kazi hii, anaiacha, anachungulia mlangoni. Mwisho akamwendea msimamizi wetu, Sista Loisi.

"Sista, nahofia yule mama ana ukoma. Lakini ngozi sijaiona."

"Kuhofia si kuona," Sista akamjibu. "Mfuate. Na neno hilo usilitamke barabarani. Ngoja, twende wote."

Wakapita katikati ya malori, kwa haraka isiyo ya kukimbia, maana muuguzi akikimbia mji mzima hushtuka. Stendi wakamkuta ameshapanda gari la kurudi Ivuna, amekaa dirishani, kondakta anafunga mizigo juu. Fides akamsogelea, akamnong'oneza: "Mama, nikupeleke mahali ambapo mkwe hayupo?"

Mama akakaza kitenge chake. Akashuka.

Kando ya stendi kuna muuza vitenge, Mama Clever, ambaye nusu ya wateja wake ni Wazambia. Hakuuliza maswali. "Bamayo, mama zangu, piteni stoo huku nyuma," akasema, akatundika vitenge viwili mlangoni, akasimama nje yake. Kila aliyekuja kununua alimwambia, "Subiri, napanga mzigo."

Ndani, Sista akawasha tochi ya simu. Mgongoni kulikuwa na mabaka yaliyofifia. Fides akachukua kipande cha pamba.

"Fumba macho, mama. Nikikugusa, nionyeshe kwa kidole."

Pamba ikagusa bega, kidole kikaja pale pale. Ikagusa baka, kidole kikatulia. Ikagusa tena.

"Mbona huanzi?" mama akauliza.

Fides akajikaza. Akatazama pua: imeziba, ina ukoko wa damu. Akatazama kinywa, akashukuru Mungu, kinywa kilikuwa salama. Sista Loisi akaanza kueleza kwamba ugonjwa huu una dawa, na dawa hiyo haina malipo, lakini mama alishalijua neno kabla halijatamkwa.

"Babu yangu alijengewa kibanda peke yake," akasema. "Chakula alikuwa akisukumiwa kwa mti." Akalia. Fides akaushika mkono ule ule, akakaa nao hadi kilio kilipokwisha.

Vipimo vya hospitali vilithibitisha. Leo mama Elizabeti yumo dozini, jeraha limefunga, na anayemfuatia dawa ni yule mkwe. Ila vidole viwili vimebaki vimejikunja. Hivyo tulichelewa kuviokoa.

CHANGAMOTO

Hayo tumeyaita mafanikio, mgeni rasmi, na bado yanatukosesha usingizi. Je, kama gari lingekuwa limeondoka? Je, kama Mama Clever asingefungua duka siku ile? Wangapi wamejifunga vitenge vyao wakaenda zao, nasi tukaandika "amehudumiwa"? Wenye haya hatuwalaumu. Na kifaa cha kuchungulia sikio kilichopo ni kimoja, taa yake imeungua, kwa hiyo mtoto mwenye usaha tunamwona sikio la nje tu, la ndani tunakisia.

MAOMBI

Tunaomba pazia. Tulikuwa tumeandika maneno marefu zaidi, tukayafuta. Pazia, na komeo la mlango. Baada ya hapo, taa za kuchungulia masikio na vinywa. Na gari la kutufikisha Ivuna, maana walioishi na kufanya kazi na mama Elizabeti wanapaswa kukaguliwa, na kila tulipoomba gari tuliambiwa tusubiri.

HITIMISHO

Tuliyemchagua kusoma risala hii alikuwa Fides. Asubuhi hii, akiwa anapiga pasi sare yake, mama Elizabeti alipiga simu.

"Mwanangu, wenzangu wa chumvini wamekubali kutazamwa. Lakini njoo leo, kesho watageuka. Nimewavulia nguo nikawaonyesha mgongo wangu mwenyewe, ndipo wakakubali."

Fides na Sista Loisi wamepata lifti ya lori la mahindi. Wamebeba mashuka ya bweni wakayatundike huko. Tangu walipoanza kuteremka bondeni simu zao hazipatikani, wala hatujui watakuta watu wangapi, na katika hali gani. Mama mzazi wa Fides ametoka Itumba kuja kumwona akihitimu. Ndiye yule aliyekaa kando ya kiti kitupu, mstari wa mbele. Ukishuka jukwaani, mgeni rasmi, tunaomba umsalimie.

Mungu ailinde ngozi yako na ya uzao wako, ayazibue masikio yetu sote, na kinywa chako akijaze neno la kutujibu.

Ni sisi,
Wahitimu wa Chuo cha Uuguzi Mwansekela, Songwe, pamoja na mmoja wetu aliye njiani.