Nywila ya Zamani

Fundi wa kompyuta aliketi dirishani mwa basi, kitambulisho cha ofisi ya bima ya afya kikining'inia shingoni. Mama mmoja aliyeketi kando yake alikisoma, kisha akasema, "Kumbe ni ninyi mliomnyima mume wangu kibali cha kupasuliwa mguu jana!"

"Pole, mama. Mawasiliano yalikatika."

"Hayo mwambie mtoto."

Fundi akacheka kidogo, akakiri. "Waya ulikuwa mzima. Tulibadilisha nywila, lile neno la siri la kuingilia mashine kuu, hospitali haikuambiwa. Kompyuta yao ikabisha hodi kwa nywila ya zamani, ikakataliwa."

Nilikuwa kiti cha nyuma yao; mambo haya niliyasoma shule ya jioni nikiwa na mvi tayari, na kwa kweli alieleza vizuri. Ila hakusema ni nani aliyepaswa kuiambia hospitali.

"Tungerekebisha upesi," akaendelea, "ila karani wao alibonyeza, akabonyeza. Nywila mbovu ikirudiwa, mashine hudhani ni mwizi. Ikaifungia hospitali nzima. Karani gani huyo asiyejua kungoja?"

"Alitaka kungoja," mama akasema taratibu. "Mimi ndiye niliyemsihi ajaribu tena. Mume wangu alikuwa analia."

"Basi unaona, mama."

"Naona. Jana daktari alisema mguu ukipasuliwa siku ile ile utapona. Leo wanaukata. Sasa niambie, kazi ya kuiambia hospitali ilikuwa ya nani?"

Basi likasimama mbele ya hospitali. Mama akashuka bila kuaga. Kabla abiria mwingine hajakaa, fundi alikivua kitambulisho, akakitia mfukoni.