Pangaboi na Upepo Mdogo

Ndugu, jirani na marafiki mliokuja kutushika mkono, dada yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa pili wa fundi cherehani na muuguzi, na jina la Pangaboi alilipata kabla ya kuanza shule, kwa kuwa kila feni iliyoharibika mtaani lazima aifungue, na nyingine, tuseme kweli, zilikuwa hazijaharibika.

Alianza shule ya msingi mwaka 1975, akaendelea na sekondari ya wasichana, kisha chuo kikuu, alikohitimu uhandisi wa mitambo mwaka 1992 na kubakizwa kufundisha, akapewa chumba nyuma ya karakana, humo akajenga handaki la mbao la kupulizia upepo, apate kujua kwa nini mapanga ya mitambo midogo ya umeme wa upepo hugoma upepo ukiwa hafifu.

Fremu ya chuma ya handaki ilipopata ufa aliitwa fundi wa kuchomelea, akaja kwa kazi ya siku moja, akabaki, wakafunga ndoa tarehe 17 Juni 1995, wakajaliwa binti mmoja mwaka 1998.

Mwaka 2006 shemeji yetu alipata kazi nchi ya mbali, kwenye mitambo mirefu na upepo mkali, akasema, "Mke wangu, twende wote," naye akajibu, "Huko kila panga linazunguka. Mimi nahangaika na haya yanayogoma. Tangulia, nitakufuata nikimaliza."

Hewa ilimtesa, maana ikienda polepole hulikumbatia panga laini mwanzoni, kisha huachana nalo katikati ya safari, nguvu ikapotea, na jioni alikula huku simu ikiwa hewani mezani, mumewe naye akila huko alikokuwa, chakula kikawapolea wote wawili.

Mwaka 2013 alibandika utepe wa msasa karibu na ukingo wa mbele wa panga, hewa ikavurugika kidogo, ikang'ang'ania, panga likazunguka kwa upepo usiotikisa hata pazia, akampigia shemeji, aliyeusikiliza mlio wa panga, kisha akauliza, "Sasa unakuja?"

Akasema anakuja, lakini zahanati za mabondeni, zisizo na umeme wala upepo wa maana, zilikuwa zinaihitaji mitambo hiyo, akaomba mwaka mmoja tu, na mwaka ukazaa mwaka.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021, akamficha mumewe, ila sauti haifichiki, na Januari 2023 shemeji alirudi bila kuitwa, akamuuguza kwa mikono yake, na dada alimwambia binti yao kwamba kazi haijutii, bali zile jioni anazitamani mno, hadi alipotutoka mchana wa tarehe 4 Septemba mwaka huohuo, mumewe akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi msibani, walimu wenzake na wanafunzi wake.

Na kwa kuwa mtaani yalisemwa mengi, shemeji ameomba lisomwe hili mbele ya wote, kwamba ndoa yao haikuvunjika hata siku moja, ilikaa mbali tu.

Pumzika sasa, dada yetu, na amani ikae karibu nawe.