Kamati ya Kukagua Ambulensi ya Sufiani

Siku hiyo benchi la Msabaha muuza kahawa, pale Dunda, Bagamoyo, lilikuwa na kazi. Kwa kawaida halina. Watu hukaa, hunywa vikombe viwili vitatu, huirekebisha nchi, kisha kila mtu huenda kula kwake. Lakini saa tano asubuhi ile mbele ya benchi lilisimama gari jeupe, haisi, lenye taa nyekundu juu ya paa na neno AMBULENSI ubavuni, na Mwishehe fundi bomba alikuwa na mpaka saa saba kusema ndiyo au hapana. Mama yake, Bi Miza wa Kaole, aliteleza bafuni akavunjika nyonga, na pumu anayo tangu ujana. Daktari kaandika apelekwe Dar leo hii akapasuliwe. Ambulensi ya hospitali ilishatangulia na mama mjamzito, na kurudi kwake ni magharibi. Ikabaki hii ya mtu binafsi, ya kijana Sufiani, ambayo mpaka mwezi wa Rajabu ilikuwa ikibeba wanafunzi. Mwishehe alikuja benchini kuomba neno moja la ushauri. Akapewa kamati.

Aliyeiunda ni Mzee Hija, karani mstaafu wa kata, ambaye hata wajukuu zake humwita Kamati.

— Kwanza akidi, alisema akifungua daftari. Tuko wangapi?

— Wanne, na birika, alijibu Shuaibu, anayeitwa Tetesi kwa sababu habari humfikia kabla haijatokea.

— Akidi imetimia. Ajenda ya kwanza, kufungua kikao: kimefunguliwa. Ya pili, usalama wa chombo. Mwenye chombo!

— Shikamoo mzee, alisema Sufiani akitoa kichwa dirishani.

— Marahaba. Una king'ora?

Sufiani alikipiga. Mbuzi wa jirani akakata kamba.

— Kimepita, alisema Kamati, akaandika.

— Kimepita wapi? Tetesi aliruka. Hicho ni cha zimamoto! Cha wagonjwa kina mlio wa huruma. Shemeji yangu wa Mapinga kanambia, mgonjwa akipigiwa mlio wa zimamoto mwili unadhani unaungua, homa inapanda hapo hapo!

— Tetesi, acha kamba wewe, alisema Kamati.

— Nyuma pameandikwa "Haraka haraka haina baraka", alisema Mwishehe kwa wasiwasi.

— Nimeikuta, kaka, alisema Sufiani. Naifuta leo leo.

— Usiifute! Kamati alinyanyua kalamu. Hiyo ndiyo sera ya usalama, na imeshabandikwa mahali pa wazi. Kuna ofisi zinaitafuta hiyo miaka kumi.

Ikaja zamu ya machela. Kamati akaamua ijaribiwe na mtu hai, na wote wakamgeukia Bwanausi muuza nazi, anayeitwa Tani Moja bila mzaha wowote. Ikimweza huyu, walisema, kwa Bi Miza itaona imebeba kanga. Tani Moja akapanda, akajilaza.

— Nielekee kibla au nisielekee?

— Wewe mgonjwa, si maiti!

— Ndiyo nauliza mapema.

Gari likaenda mpaka kona ya msikiti, likafunga breki. Machela haikufunga. Kishindo kilifika benchini.

Kamati aliandika huku akisoma kwa sauti:

— "Mgonjwa alifika kabla ya gari."

— Komeo! Sufiani alipiga kelele akikimbilia mlango wa nyuma. Nimesahau komeo la machela tu! Likikaa, haiendi popote!

Likakaa. Wakarudia mara mbili, na mara zote mbili machela ilitulia kama mkwe ukweni. Tani Moja alishuka anajipapasa utosi, kafurahi kama aliyerudi hija.

— Na mtungi wa oksijeni? aliuliza Mwishehe. Mama ana pumu.

— Umejaa, kaka. Tazama mshale huo.

— Haba na haba, alisema Kamati.

— Mzee, hapo haba na haba inaingiaje?

— Inaingia kidogo kidogo, kama hewa.

Tetesi hakuridhika.

— Liulizwe kama lishabeba maiti! Gari likishabeba maiti halisahau. Likifika njia panda, usukani wenyewe unavuta makaburini!

— Wallahi halijabeba! alisema Sufiani.

— Na hamjaona ya Ulaya ninyi. Ulaya gari lenyewe linapasua! Unaondoka Bagamoyo umevunjika, Bunju umefunguliwa, Tegeta unashonwa, ukifika Dar unateremka na mkoba wako unauliza choo kiko wapi!

— Ulaya kuna Bunju?

— Wana yao!

Benchi lote sasa lilikuwa limesimama. Hata Mwishehe, ambaye tangu juzi hakulala, alijikuta anacheka, na ndani ya kicheko akaanza kumwona mama yake kesho yuko kitandani, kashapasuliwa, anamgombeza.

— Tusimuulize na mama mwenyewe? alisema.

— Asiyekuwepo na lake halipo, alisema Kamati. Kura!

Mikono ikapanda. Msabaha alipandisha birika.

— Limepita! Mgeni njoo, mwenyeji apone! alipiga kelele Tani Moja.

Hapo simu ya Mwishehe ikaita. Ni Bi Miza, kutoka wodini.

— Weka sauti kubwa, alisema Kamati, mgonjwa apewe taarifa ya kikao.

— Shikamoo mama.

— Marahaba mwanangu. Nasikia mna gari.

— Tena tumelikagua, mama! Taa zipo, mkanda upo, mtungi umejaa, kitanda hakitembei. Kura zote ni ndiyo!

— Alhamdulillahi. Mungu awalipe. Sasa huko nyuma nakaa na nani?

— Na mimi, mama.

— Wewe? Jana nachomwa sindano mimi, aliyezimia wewe. Mwanangu, nauliza: pumzi zikinibana njiani, pale Mapinga, nani anajua la kufanya?

Walimtazama Sufiani. Sufiani alitazama usukani.

— Mimi nitakuwa naendesha, alisema taratibu.

Kamati alifunua daftari kurasa za nyuma, moja baada ya nyingine, kama mtu aliyepoteza risiti.

— Kipengele hicho, alisema hatimaye, hakikuwa kwenye ajenda.

— Mkikijua mniambie, alisema Bi Miza. Mimi nipo. Siendi popote na nyonga hii.

Akakata. Mwishehe alitazama saa: sita na robo. Akafungua mlango wa mbele, akaketi.

— Washa.

— Tukamchukue bi mkubwa?

— Tukamtafute muuguzi. Yeyote ambaye leo si zamu yake, nyumba kwa nyumba. Tukimpata, jibu langu ni ndiyo. Tukimkosa, wewe huna ambulensi, lakini mimi bado nina mama.